Barua ya wazi: Morfini ya maji ifike wilayani, Mtwara na Lindi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Kwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kwa wakuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Bohari ya Dawa. Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kuhusu dawa moja. Ni morfini ya maji, ile ya kunywa, ambayo mgonjwa wa saratani hupimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuwekewa mdomoni. Naomba iwepo katika kila hospitali ya wilaya ya mikoa yetu miwili, mwaka mzima, na kutoka hapo imfikie mgonjwa anayemalizia siku zake nyumbani. Hilo ndilo ombi. Maneno mengine yote ya barua hii yanaeleza kwa nini nalileta hadharani, na kwa nini nalileta kwenu nyote kwa pamoja badala ya kumwandikia mmoja wenu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho, juu kwenye Uwanda wa Makonde. Saratani ya tezi dume ilimwanza polepole, na wenzake barazani walimwambia ni uzee: haja ndogo ya kusuasua, kuamka usiku mara kwa mara, kiuno kuuma. Ilipokuja kujulikana ni nini, ilikuwa imekwishaingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi ya kupunguza maumivu, na baada ya hapo madaktari wakatuketisha, yeye na sisi wanawe, wakasema wazi kwamba ugonjwa hautaondoka na kwamba kazi iliyobaki ni kumtunza asiteseke. Walisema kwa heshima. Nawashukuru mpaka leo.

Kabla hatujaondoka, muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, alimfanyia baba jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemfanyia tangu aanze kuumwa. Alimwomba aonyeshe maumivu yake kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Baba alimtazama kitambo, kisha akafungua kiganja chote.

Tulishtuka, sisi watoto wake. Baba alikuwa mtu wa jando la zamani. Walikatwa wakiwa wamekatazwa hata kukunja uso, na somo lile alilibeba maisha yake yote. Kwenye kliniki za huku nyumbani kila alipoulizwa "Hujambo, mzee?" alijibu hajambo, na daftari likaandikwa kwamba mgonjwa hana malalamiko. Angejibu nini kingine? Mzee aliyelelewa vizuri hapokei salamu kwa manung'uniko. Waganga Wakuu wa Mikoa, naomba mlipe hili uzito wake. Wazee wetu wa kusini hawatalia wodini, na wanawake waliopita unyagoni nao wamefundishwa kubana meno. Mhudumu anayesubiri kusikia kilio ndipo atibu maumivu, atasubiri mpaka maiti itolewe. Kipimo cha vidole hakihitaji umeme wala fungu. Kiandikwe kwenye chati kila zamu, kando ya joto la mwili na presha, na aulizwe kila mgonjwa.

Tulirudi na chupa. Muuguzi alituandikia saa kwa kalamu nyekundu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu ili alale mpaka alfajiri. Nguvu ya morfini hii hudumu saa nne hivi, ndiyo maana hutolewa kwa saa bila kungoja maumivu yarudi. Alitupa na dawa ya kulainisha choo, akatuonya kwamba tusipompa atafunga choo na tutadhani morfini imemshinda. Alisema siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, huenda na kichefuchefu kikaja, kisha mwili utazoea. Yote yakawa kama alivyosema. Mama yangu, ambaye shule aliiachia njiani, aliishika ratiba ile bila kuruka hata dozi moja, akiongozwa na redio na adhana ya msikiti wa jirani.

Naomba mjue majuma yale yalikuwaje. Baba alikaa. Kwa muda mrefu alikuwa hawezi kulala chali wala ubavu, anapitisha usiku akiwa ameinama kwenye ukingo wa kitanda na mikono magotini. Sasa alitoka nje akaketi kwenye kiti chake. Aliomba ming'oko, akachemshiwa, akala. Aliswali akiwa ameketi, akatoa salamu mwenyewe. Aliuliza bei ya mnada wa mwisho, akagombana kidogo na baba mdogo kuhusu daraja la korosho zao, na ugomvi ule ulitufurahisha wote kwa sababu ulikuwa wa kwake kabisa. Ugonjwa haukuwa umerudi nyuma hata hatua moja, alizidi kukonda. Lakini tulikuwa tumerudishiwa baba yetu, mwenye akili zake na maneno yake, na kilichomrudisha ni maji ya dawa yenye uchungu kidogo kwenye chupa ya plastiki.

Chupa ikakaribia kuisha.

Hospitali tuliyokwenda kuomba nyingine sitaitaja, kwa sababu sitaki mtu aliyekuwa zamu siku ile aandamwe kwa jambo lililo juu ya cheo chake. Tabibu, ambaye kwa cheo yuko chini ya daktari, aliisoma barua ya Dar yote, akasema dawa hiyo yeye haruhusiwi kuiandika. Anayeruhusiwa ni daktari, na daktari amesafiri kikazi. Daktari aliporudi, alisema angeiandika, ila hapo hospitali haipo. Mfamasia naye alisema haiagizi kwa sababu hakuna daktari anayeiandika, na ikikaa kabatini mpaka muda wake ukaisha, yeye ndiye atakayeulizwa na wakaguzi. Kabati la DDA, la dawa zinazodhibitiwa, lilikuwepo, la kufuli mbili, na daftari lake lilikuwepo. Ndani, nilivyoambiwa, mlikuwa na sindano chache za chumba cha upasuaji.

Kila mmoja wao alikuwa anasema kweli. Dawa haiandikwi kwa sababu haipo, na haipo kwa sababu haiandikwi. Makadirio yanayotoka hospitalini kwenda Bohari ya Dawa hayana morfini ya maji, kwa hiyo juu huko inaonekana wilaya ile haiihitaji. Huo ndio mduara ninaowaomba muukate. Na hakuna mmoja wenu anayeweza kuukata peke yake: kibali cha kuandika dawa kiko kwa mwingine, kibali cha kuiingiza na kuihifadhi kwa mwingine, usambazaji kwa mwingine, na hospitali ya wilaya yenyewe iko chini ya TAMISEMI ilhali miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Ndiyo maana nimewaandikia wote kwenye karatasi moja.

Tunapolalamikia dawa, jibu tulilozoea ni bajeti. Safari hii naomba jibu hilo lisitolewe. Malipo ya korosho yalikuwa yameingia. Tungelipa, na tulisema tutalipa. Na dawa yenyewe si ya bei kubwa. Ni unga wa morfini unaoyeyushwa kwenye maji safi na kutiwa kihifadhi, ukapimwa vizuri na mfamasia anayejua kazi yake. Haidai jokofu, hukaa chumbani mbali na jua. Morfini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilipotoa ripoti yake mwaka 2017, ilikadiria kwamba morfini inayokosekana duniani kote ingegharimu dola milioni 145 kwa mwaka kama ingenunuliwa kwa bei nzuri ya soko la kimataifa. Dunia nzima! Tume hiyohiyo ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilifikiwa na tani 0.1. Niliposoma tarakimu hiyo nilielewa kwamba benchi la saruji alilokalia baba siku ile pale hospitali, akiwa ameegemea bega la mama, lina watu wengi sana.

Tulirudi nyumbani na sindano za diklofenaki na vidonge vya tramadoli. Vilimsaidia siku chache. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limewafundisha madaktari kupanda ngazi tatu za dawa za maumivu: chini panadol na wenzake, katikati kodeini na tramadoli, juu morfini. Baba alikuwa ameshapandishwa hadi juu na watu waliosomea kazi hiyo. Akashushwa na umbali.

Kaka yangu aliye Dar alihangaika mpaka akapata chupa nyingine, akaileta mwenyewe kwa basi. Dawa inayodhibitiwa haimtoki mtoaji kwa mtu asiye mgonjwa bila maswali mengi, na ni haki iwe hivyo, silalamikii maswali. Nalalamikia kwamba maswali yale lazima yaulizwe zaidi ya kilometa 500 kutoka kitandani kwa mgonjwa. Kutoka Dar hadi Mtwara mjini peke yake ni kama kilometa 560, na kwetu unaendelea kupanda. Kwa watu wa Liwale wakati wa masika sijui hata niseme nini. Gari likinasa, limenasa. Na mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kilwa pale Somanga, magari yakalala foleni pande zote mbili. Siku zile kulikuwa na watu mikoani kwetu wanaokufa kwa saratani, kama ilivyo siku yoyote nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.8 Mtwara na Lindi kwa pamoja. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuwekewa usingizi wao wa mwisho kwenye buti la basi la Dar.

Chupa ile ya pili nayo iliisha, na ya tatu haikuwahi.

Sitaeleza usiku ule wote. Baba hakupiga kelele, hata mwishoni. Aliuma kona ya shuka. Alitutoa chumbani mmoja mmoja kwa ishara ya mkono kwa sababu hakutaka tumwone. Mama alikataa kutoka.

Nitakalolieleza ni hili, kwa sababu naona linasahauliwa katika mazungumzo ya afya. Mtu wa kwetu akijua anaondoka, ana kazi ya kufanya. Anatoa wosia. Anaita wanaodaiwa na wanaomdai. Anaomba radhi kwa mkewe, anawasamehe waliomkosea, anawaonyesha wanawe mpaka wa shamba uko wapi na mikorosho ipi ni ya nani, maana wazee wetu wengi hawana hati na ramani yote iko vichwani mwao. Mwislamu anataka afe na shahada ulimini. Mkristo anataka aitwe padri au mchungaji, aombewe akiwa anasikia. Kazi hiyo inataka pumzi na utulivu. Baba aliianza katika majuma yale ya chupa ya kwanza, akamwita kaka mkubwa, akaanza kumwelekeza kuhusu shamba la bondeni, akasema yaliyobaki atayamalizia akipata nguvu. Maumivu yaliporudi hakumaliza sentensi yoyote. Shamba lile mpaka leo lina maneno, ndugu wawili hawaongei vizuri, na shahada tuliisema sisi masikioni mwake tukiwa hatujui kama inamfikia. Haya hayamo kwenye fomu yoyote ya hospitali. Lakini ndiyo yanayokosekana dawa inapokosekana, na mzigo wake unabebwa na ukoo mzima kwa miaka.

Najua hofu zinazoizunguka dawa hii, na sizidharau, kwa sababu nyingine nilizisikia jikoni kwetu wenyewe. Shangazi alisema ukishaanza kumpa mgonjwa morfini umemsaini kifo. Wanaoisoma dawa hii wanasema vingine: ikitolewa kwa kipimo, ikianziwa chini na kupandishwa kidogo kidogo kulingana na maumivu, haifupishi maisha. Nasi tuliona kwa macho. Kilichokuwa kinammaliza baba kabla ya hapo, mbali na saratani, ni kutolala na kutokula, na vyote viwili vilitibika. Mtu mwingine aliuliza kama si kilevi, na mzee kama baba atakutana vipi na Mola wake akiwa na kilevi mwilini. Sheikh wetu alijibu pale pale kwamba dharura huhalalisha kilichozuiwa, na kwamba dawa iliyoandikwa na tabibu kwa ajili ya maumivu wala haiingii kwenye mjadala wa ulevi. Naomba viongozi wa dini wengine waliseme hilo mimbarini na makanisani, wasisubiri kuulizwa.

Uraibu ndio hofu kubwa ya maofisini, kwa hiyo sasa naongea na wakuu wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kazi yenu naiheshimu. Nimeona vijana walioliwa na heroini, na sitaki chupa hata moja ya morfini ipotee njiani. Lakini mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao Tanzania ni mwanachama, unakiri tangu kwenye utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima katika kuondoa maumivu na mateso, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa ajili hiyo. Mikono yote miwili imo ndani ya mkataba mmoja, wa kuzuia na wa kutoa. Kule kwetu umefika mkono wa kuzuia.

Na nchi hii inajua kutoa. Tangu mwaka 2011, kuanzia Muhimbili, serikali imekuwa ikiwapa methadoni watu wanaotibiwa uraibu wa heroini. Methadoni ni ndugu wa morfini, inadhibitiwa vikali vilevile, na inatolewa kwa dozi, kwa jina, kwa daftari, mtu akiinywa mbele ya muuguzi. Mpango ule umeokoa watu na naufurahia kwa moyo wote. Tulioweza hilo tunaweza kumwekea mkulima wa miaka sabini chupa ya nusu lita kwenye kabati la kufuli mbili wilayani kwake.

Wapo waliotutangulia karibu tu hapa. Uganda ilianza mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alipofungua huduma ya Hospice Africa Uganda na kuanza kutumia morfini ya maji. Mwaka 2004 nchi ile ikabadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopewa mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuiandika wenyewe, kwa sababu madaktari hawatoshi na vijiji viko mbali. Dawa inatengenezwa ndani ya nchi na mgonjwa anaipata bure. Uganda si tajiri kutuzidi. Na hapa nyumbani, Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa miaka mingi imekuwa chimbuko la morfini ya maji nchini, na hospitali za misheni kama Selian kule Arusha zilijifunza zamani kumfuata mgonjwa hadi kitandani kwake. Ujuzi upo ndani ya mipaka yetu. Kusini mnatuletea lini?

Namna ya kuufikisha mzigo kijijini pia mnaijua. Kila msimu salfa ya ruzuku inashuka kutoka bandari ya Mtwara hadi kwa mkulima mmoja mmoja, aliyesajiliwa kwa jina, idadi ya mikorosho yake ikiwa inajulikana na mifuko yake ikiwa imehesabiwa, kupitia chama cha msingi cha ushirika. Baba alikuwa kwenye orodha hiyo. Serikali ilijua ana mikorosho mingapi na inataka salfa kiasi gani isishikwe na ubwiri unga. Sikumkuta kwenye orodha yoyote iliyosema kwamba anaumwa mifupa na anataka mililita ngapi kwa siku.

Sasa yale ninayoyaomba, kila mmoja na lake.

Mganga Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wekeni utaratibu wa wazi wa matabibu na wauguzi waliopata cheti cha tiba shufaa kuandika morfini ya maji kwa wagonjwa wa saratani na wengine walio mwishoni mwa maisha, wakisimamiwa na daktari wa wilaya hata kwa simu. Daktari akisafiri, maumivu hayasafiri naye. Bohari ya Dawa, mna kanda yenu hapo Mtwara mjini. Iwekeni dawa hii hapo kama akiba ya lazima, hata kama makadirio ya wilaya yanaonyesha sifuri, kwa miaka michache mpaka watu waizoee kuiagiza. Anayeogopa hoja ya ukaguzi kwa dawa iliyoisha muda apewe kinga ya maandishi kwa kipindi hicho. Mfamasia niliyemwona alihitaji hiyo karatasi tu.

Waganga Wakuu wa Mikoa, ndani ya mikoa yenu ziko hospitali za rufaa za mikoa, Ligula na Sokoine, iko hospitali ya kanda pale Mtwara, na ziko hospitali kongwe za misheni Ndanda na Nyangao ambazo wagonjwa wa wilaya nyingi huzikimbilia. Mtu mmoja katika kila moja ya hizo, na mmoja katika kila hospitali ya wilaya kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, apelekwe mafunzo ya tiba shufaa, na jina lake na saa zake za kazi vibandikwe ubaoni pa kuandikishia wagonjwa. Familia yenye mgonjwa haitakiwi kutafuta kwa kupapasa nani anahusika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, wafundishwe mambo machache ambayo mama yangu aliyajua kwa kuelekezwa mara moja: kuuliza kwa vidole, kusimamia saa, kukumbusha dawa ya choo, kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, na kupiga simu chupa ikibaki robo. Ikibaki robo, jamani, si ikiisha.

Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, mhudumu huyo aliyefunzwa, anapomfuata mgonjwa nyumbani, atataka mafuta ya pikipiki. Nalisema kwa sababu mipango mingi ya kumfikia mgonjwa nyumbani naiona ikifia kwenye mafuta.

Waziri wa Afya, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaendelea kupewa miguu. Tiba shufaa ya nyumbani na morfini ya maji vitajwe kwa jina ndani ya kitita cha huduma za msingi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuziomba nchi zote wanachama ziingize tiba shufaa ndani ya mfumo wa kawaida wa afya, kuanzia ngazi ya chini. Zahanati na kituo cha afya ndiyo ngazi ya chini yetu. Wagonjwa wetu wengi wa saratani hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi pamoja nao, kwa hiyo kwa wengi wao tiba shufaa ndiyo tiba pekee watakayoipata. Kuwaambia warudi nyumbani kwa sababu hakuna la kufanya si kweli. Lipo la kufanya, nami nimeliona likifanya kazi kwenye kiti cha baba uani kwetu.

Najua barua hii haitamfaa baba. Naiandika kwa sababu mtaa wa pili kutoka kwetu yuko mama mmoja mwenye uvimbe shingoni, amerudishwa kutoka Dar na chupa, na binti yake amekuja kuniuliza nyingine ilipatikana wapi. Sina pa kumwelekeza ila kituo cha mabasi.

Bunge la bajeti litakapokaa, Mheshimiwa Waziri, naomba hotuba yako itaje kwa majina ni hospitali zipi za wilaya za Mtwara na Lindi zenye morfini ya maji kabatini siku hiyo, nani katika kila moja anaruhusiwa kuiandika, na zile ambazo hazina zitaipata tarehe gani kuanzia Julai 1. Wabunge wetu nimewapelekea nakala ili wawe na swali la nyongeza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mkulima wa korosho,
Uwanda wa Makonde, Mtwara